Shangazi na Meza ya Pasi

Kila asubuhi, kabla hajagusa chai, shangazi yangu alisimama mbele ya meza ya pasi, akavaa miwani, akawapigia simu watu wa mbali na kuwauliza swali moja: "Umekula nini?" Jibu aliliandika kwenye daftari lenye jalada la kijani.

Ndiyo ilikuwa kazi yake. Kampuni yao ina matawi nchi kumi na moja, na yeye aliwaangalia wafanyakazi waliopelekwa kwenye nchi zisizo zao. Ugonjwa ulipotapakaa duniani, mipaka ikafungwa, ofisi nayo ikafungwa, shangazi akahamishia kazi kwenye chumba tulichokuwa tukilala mimi na yeye. Meza ya kulia bibi alikataa. "Hapa ni pa sahani," alisema. Basi kompyuta ikapanda kwenye meza ya pasi, na mwaka mzima nyumba yetu ikatembea na nguo zenye mikunjo.

Watu wake walikuwa arobaini na tatu. Walimwita Mama Umekula. Simu aliiweka sauti ya juu, nami nilijifunika shuka nikasikiliza. Niliyempenda zaidi ni fundi wa mitambo mmoja, aliyebaki peke yake kwenye bweni la kampuni baada ya wenzake kuwahi ndege ya mwisho. Huyo hakuwa akijibu swali, alikuwa akihutubia.

"Dada yangu, leo nimepika maharage. Chini yameungua, juu mabichi. Katikati palikuwa na kijiko kimoja kitamu, hicho ndicho nimekula."

"Na sufuria?"

"Sufuria tumekosana, hatusemeshani."

Shangazi alicheka mpaka miwani ikateleza.

Siku moja wakuu wakafanya mkutano kwenye kompyuta. Mkuu wa makao makuu, mzee asiyejua lugha yetu na mwenye shati lililonyooka ajabu, akasema simu za kila siku basi. Kuanzia Jumatatu kila mtu atajaza fomu mtandaoni: niko salama, siko salama. Bibi akapita nyuma na beseni la nguo.

"Mwulize huyo, meza yangu nitaipata lini?"

"Mama yako anasemaje?" mkuu akauliza.

"Anakusalimia sana," shangazi akamjibu.

Fomu aliikubali kwa mdomo tu. Jumatatu saa moja nilimkuta palepale, simu mkononi. "Fomu haina masikio," akaniambia. "Na wewe acha kujifanya umelala."

Wiki ya pili fomu zote arobaini na tatu zilisema niko salama. Fundi akapokea simu, akasema, "Nimekula maharage." Shangazi akaandika. Kesho yake, "Maharage." Siku ya tatu, "Maharage, dada." Shangazi akaweka kalamu chini. Akarudi kurasa za nyuma, kidole kinashuka mstari kwa mstari.

"Yameungua?"

"Eh?"

"Hayo maharage. Yameungua au hayakuungua?"

Fundi akakohoa.

"Fungua kamera. Nionyeshe sufuria."

"Dada, nimechoka kidogo..."

"Kaka, usinizungushe. Sufuria!"

Picha ikaja inatetemeka. Sufuria ilining'inia kwenye msumari, kavu, ina vumbi. Kisha tukauona uso wake: midomo imepasuka, anahema kama mtu aliyekimbia.

"Unaumwa siku ngapi?"

"Nne."

"Mbona fomu umejaza uko salama?"

"Nimesikia wagonjwa wanaachishwa kazi. Nina watoto watatu, dada."

Shangazi hakumgombeza. Alishika simu mbili: kwa moja alimsemesha asilale, kwa nyingine akamsaka mlinzi wa bweni, kisha dereva, kisha daktari. Chumba chetu ni hatua sita tu, lakini siku ile alikitembea kama safari. Saa tano wakambeba kwenda hospitali.

Siku kumi na mbili fundi hakuweza kuongea. Shangazi alipiga simu wodini kila asubuhi, na nesi ndiye aliyejibu: hajala. Hajala. Uji, vijiko viwili. Uji, nusu kikombe. Siku ya kumi na tatu ikaja sauti nyembamba:

"Dada, uji wa hapa... hata mimi najua kupika kuliko hawa."

Shangazi akapiga yowe. Bibi akaja mbio na mwiko, mimi nikaruka kutoka kitandani, tukacheza watu watatu kuizunguka meza ya pasi, nusura kompyuta ianguke.

Mkuu alipopata habari aliomba kurasa za daftari, akatafsiriwa zote, akaifuta fomu. Mipaka ilipofunguliwa akamwita shangazi ahamie makao makuu, akawafundishe wengine kuuliza. Miaka kumi alikuwa amepandisha watu ndege, yeye mwenyewe hajawahi kupanda.

Asubuhi ya safari bibi alimpigia pasi gauni, juu ya meza yake mwenyewe. "Simama nikuone. Haya, sasa umefanana na mtu."

Shangazi akamkumbatia, akanifinya shavu. "Kesho saa moja pokea simu. Na usinidanganye maharage."

Akatoka, sanduku linagonga kila ngazi. Nilimwangalia dirishani mpaka akakata kona, gauni halina hata mkunjo mmoja. Huu mwaka wa pili, hajarudi, ila kila asubuhi saa moja simu inaita.