Kahawa ya Bibi Kwenye Barabara Iliyofagiliwa

Harufu ya lami ya moto huwafanya wengi wazibe pua. Mimi huivuta mpaka tumboni, moyo ukatulia kama wa mtu aliyeambiwa mgonjwa wake ameamka na kuomba uji. Sababu yake ni ndefu. Nivumilieni, shule niliiacha mapema na kufupisha sijui.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipoachiwa huru, wanunuzi binafsi walipoanza kupanda na pikapu zao mpaka migombani kwetu Meru. Walitaka kahawa kavu, tena upesi. Lakini kule juu ukungu ulikuwa umegoma kuondoka, kahawa inalala kichanjani inaanza kunuka, na bibi yangu akishainusa asubuhi ananuna mpaka jioni. Mwishowe akaipakia juu ya punda, kahawa yetu yote ya msimu, tukateremka Kikatiti kutafuta jua.

Pale mafundi walikuwa wanaiandaa barabara kuukuu ipakwe lami mpya, nyembamba tu. Mashimo wameyakata pembe nne, wameyajaza na kuyashindilia. Kina mama wenye mifagio wamefagia upande mmoja mpaka ungeweza kulia ugali pale chini. Magari yanapita upande wa pili. Bibi akamshukuru Mungu, akamwaga kahawa, tukaitandaza. Nani angejua watu wanafagia ili wamwage lami?

Jua lilipokuwa kali akaja msimamizi wao.

“Shikamoo bibi. Hii ni barabara, siyo kichanja.”

“Marahaba mwanangu. Mmeifagia vizuri, Mungu awabariki.”

Kina mama wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. Nyuma yake gari la lami lilikuwa linafuka moshi, dereva anapiga honi.

“Bosi, lami inapoa! Huyo bibi atanisamehe, napita!”

Nikaanza kulia. Kahawa ikishaguswa na lami, hata kuku hawaitaki.

Msimamizi akachutama, akabandika kiganja barabarani, akatulia hivyo kama anayesali.

“Bado pana unyevu,” akamwambia dereva. “Lami haitashika. Subiri hapo. Kina mama, fagieni upya, anzieni kwenye kahawa!”

Mifagio ikashuka. Kahawa ikarudi guniani, na vumbi lake, lakini yote. Dereva alisonya mpaka akachoka. Bibi alipanda mlima akiimba nyimbo za kanisani, na kwa miaka mingi alisimulia jinsi Mungu alivyoiweka barabara mbichi juani.

Nami niliamini hivyo. Mpaka nilipokuwa mtu mzima, nikiwauzia chai mafundi wa barabara pale Kimandolu, nikaona barabara iliyolowa ikikauka juani kabla mtu hajamaliza kikombe. Ndipo nikakumbuka miguu yangu. Siku ile nilikuwa peku, narukaruka kwa jinsi barabara ilivyokuwa inaunguza, pale pale alipochutama yule msimamizi. Na kiganja chake hakukiinua mpaka uongo wake ulipokwisha.