Rafu Iliyoonewa Huruma

Kwenye maktaba moja ya Erdington, mtaa wa mji tunaoishi huku kwa Waingereza, kulikuwa na rafu ya Kiswahili, fupi, iko chini karibu na sakafu, na ukitaka kuona vitabu sharti uchuchumae. Riwaya yangu ilikuwa humo. Mimi, mtu mzima niliyelelewa Nakuru kwa adabu zote, nilikuwa napanda treni mbili kutoka Acocks Green kwenda kuitazama tu. Kwa miezi mingi sikuikuta. Nikavimba kichwa, maana kitabu kisichokuwapo rafuni kiko mikononi mwa mtu.

Nchi hii ina desturi ninayoipenda: kitabu chako kikiazimwa maktaba, serikali hukulipa senti kidogo. Huwezi kujengea nyumba. Lakini zinakuambia kwamba mtu amekibeba kitabu chako akaenda nacho kwake, na kwa sisi tunaoandika Kiswahili katika mji ambao watoto wetu wenyewe wanatujibu kwa Kiingereza, habari hiyo inaponya.

Basi siku moja mkutubi, mwanamke mpole ambaye alishanizoea, aliniita pembeni. Alisema fedha za maktaba zimekatwa tena, siku za kufungua zimepungua, na wakubwa wanataka kila rafu ionyeshe kwamba inatumika. Ya Kiswahili haikuonyesha. Vitabu vingi havikuwa vimetoka kabisa, na riwaya yangu ilikuwa na mwazimaji mmoja tu, huyo huyo, anayeongeza muda kila ukiisha. Kama hali haitabadilika kufikia mwisho wa mwezi, vitabu vyote vitaondolewa. Alizungumza kwa sauti ya chini, kama mtu aliyekuja kutoa habari za msiba.

Nilitoka nimefura. Niliwakasirikia Wakongo wa Erdington, ambao kila Jumapili wanaimba Kiswahili mpaka madirisha ya kanisa yanatikisika. Niliwakasirikia Wasomali wa Sparkbrook waliokulia Nairobi, ambao wakibishana mpira kwa Kiswahili hakuna wa kuwanyamazisha. Maneno mnayo, nikasema moyoni, kusoma ndiko hamtaki. Nikaenda moja kwa moja kwa rafiki yangu, mama mmoja Mkongo wa Bukavu anayeishi mitaa miwili kutoka hapo, ili nipate wa kumtapikia nyongo.

Nilimkuta jikoni na akina mama wa kanisa lake wakitayarisha sombe ya harusi, majani ya muhogo yamejaa kila sufuria. Sijakaa vizuri, mmoja akanivamia. Alitaka kujua kwa nini yule mume katika riwaya yangu alisamehewa upesi vile. Mwingine akamtetea mume. Wa tatu akasema mama mkwe ndiye aliyestahili kufukuzwa, na wakaanza kugombana juu ya watu niliowatunga mwenyewe, kwa majina, kana kwamba ni majirani. Kitabu chenyewe kilikuwa juu ya friji, kimevalishwa karatasi ya zawadi kisichafuke.

Wageni wake wote walikuwa wamekisoma. Kilikuwa kinazunguka nyumba kwa nyumba, kikirudi kwa rafiki yangu ili aongeze muda, kwa sababu yeye peke yake ndiye aliyekuwa na kadi. Nikawauliza kwa nini kila mmoja asichukue kadi yake, nayo ni bure. Rafiki yangu ndiye aliyejibu.

“Tulisikia bibliothèque haina tena franga. Tukaona tusiwachokeshe. Mutu moja anakamata, bengine banasoma.”

Walikuwa wameionea maktaba huruma. Waliichukulia kama mwenyeji aliyefilisika, ambaye mgeni mwenye utu hula tonge mbili kwake na kusema ameshiba. Hasira yangu ikaniishia palepale, nikaona aibu kwa yote niliyoyawaza njiani. Nikawaeleza jinsi mambo yanavyokwenda hapa: kwamba kitabu kisichoazimwa huhesabiwa kimekufa, na kwamba ule upole wao ndio unaoiondoa rafu. Kisu cha rafiki yangu kikasimama juu ya kitunguu.

“Kumbe tulikuwa tunaiua,” rafiki yangu akasema.

Maktaba ilipofunguliwa tena walikuja wote, wamevaa vitenge vya Jumapili. Mkutubi alitengeneza kadi huku akiomba radhi kwa kuwachelewesha. Rafu ikabaki tupu. Hata kitabu cha ufugaji wa kuku kilipata mtu, ingawa Erdington kuku tunamjua akiwa mezani tu. Baadaye mkutubi alinipigia simu kuniambia kwamba rafu itabaki, kwa sasa, na nilifurahi mpaka nikamkumbatia mume wangu bila kumwambia sababu.

Riwaya yangu nayo ilikuwa imerudishwa siku ile ile ya kadi, na mama mmoja kijana akanyoosha mkono aichukue. Rafiki yangu akamzuia. Nikamtania kwamba ana uchoyo, kitabu amekaa nacho karibu mwaka mzima, awaachie wengine.

“Nilikuwa nakamata, nabapatia,” akasema. “Kila mara kulikuwa mutu anangojea. Miye sijakisoma bado.”

Akakiweka kwenye mkoba, akafunga zipu, akaniomba nisimwambie mwisho wake.