Bi Narmin na Kadi ya Televisheni

Tangu apunguzwe kazi kwenye mtambo wa simu, Bi Narmin hakuwa mtu wa kutulia kitini. Miaka ishirini na miwili alikaa mbele ya ubao wa kuunganishia simu, akijua kwa sikio tu laini ipi imeingia maji na ipi imekatika. Mwaka 1998 ikaja mitambo mipya, akapewa barua. Nyumbani, mtaa wa Mabawa, akawa anafagia palipofagiwa, anapanga kabati lililopangwa. Nduguye Shabbar, aliyekuwa Dubai, akamhurumia, akamtumia kompyuta iliyotumika pamoja na kadi ya kupokelea televisheni. "Ichomeke ndani, unga waya wa antena, utaona picha," alimwandikia.

Kadi hiyo ikamkosesha raha. Kwanza kompyuta haikuitambua kabisa. Akafungua mfuniko, akaichomoa, akasugua meno ya kadi kwa kifutio cha penseli, akaihamishia nafasi ya pili. Ikatambuliwa, lakini kompyuta ikawa inaganda kila alipotafuta stesheni. Akang'oa kadi ya modemu, ambayo hakuwa na kazi nayo, kuganda kukaisha; kumbe kadi hizo mbili zilikuwa zikigombana. Alhamisi picha ya stesheni ya Zanzibar ikatokea, safi, ila sauti ilikuwa mchakacho mtupu, kama bisi zinazoruka sufuriani.

Jirani yake Wanu, mshonaji wa Kipemba, aliposikia Zanzibar imepatikana akaja mbio.

"Bi Narmin, kesho baada ya Alasiri wanaonyesha mashindano ya Kurani ya Chake Chake. Binti yangu Rahila kasoma! Miezi minane yuko kule Pemba, sijamtia machoni."

"Kuona utaona. Kusikia siwezi kukuahidi."

"Basi mwanangu nimtazame midomo tu?"

Ijumaa tangu asubuhi Narmin alihangaika. Akabadilisha spika, mchakacho uleule. Akapiga muziki uliokuwa ndani ya kompyuta, ukasikika vizuri. Basi spika nzima, waya mzima. Sauti inaharibika kwenye kadi yenyewe. Ndivyo alivyokuwa akisaka hitilafu za simu, kipande kwa kipande.

Saa kumi na nusu Wanu alikuwa kwenye mkeka. Rahila akatokea, mtandio mweupe, midomo inacheza.

"Ndiye huyo! Ndiye huyo!"

Narmin alikuwa amesimama, mkono kwenye kipanya. Akakumbuka kwamba siku kadi ilipotambuliwa programu ilimuuliza yuko nchi gani. Tanzania haikuwemo kwenye orodha, naye akachagua Emirates kwa kuwa kadi ilitoka huko Dubai. Akaifungua tena orodha; huenda kila nchi ina namna yake ya kurusha sauti. Ufaransa: picha ikavurugika.

"Usimwondoe mtoto!" Wanu akapiga kelele.

Ujerumani: picha ikarudi, mchakacho. Ugiriki: mchakacho. Hong Kong.

Sauti ya msichana ikajaa chumbani. Aya ilikuwa ya mwisho. Akafunga kisomo kwa "Sadaqallahul-adhim", kisha akaondoka jukwaani. Wanu alifunika uso kwa upindo wa kanga.

"Ni yeye. Sauti imekuwa nzito kidogo. Kakua."

"Umekosa karibu yote, Bi Wanu. Nisamehe."

"Nikusamehe nini? Nimemsikia."

Narmin akamimina chai, akakaa, akainuka. Ya Wanu haijafika nusu kikombe, yeye alikuwa juu ya ngazi uani, anaigeuza antena upande wa Mombasa, kutafuta stesheni nyingine. Wanu akatoka kuishika ngazi kwa mikono miwili.

"Utaanguka wewe!"

"Nitazamie dirishani," Narmin akajibu. "Picha inasemaje?"