Bolti ya Chuma kwenye Propela ya Shaba

Nakumbuka siku tuliyompeleka dada yangu Mwanaidi kwa mumewe kule Saadani, na kila nikiikumbuka hasira hunipanda upya. Kwa hiyo, mwanangu, iweke chini hiyo bolti ya chuma unisikilize shangazi yako.

Mashua ilikuwa hii hii ya babu yako. Propela yake ya shaba, na bolti iliyoishika ya shaba vilevile. Bolti ilipolika, baba yako akanunua ya chuma, nene kama kidole gumba. Babu yako akamkataza.

"Shaba laini, baba. Chuma ndicho chenyewe!" akajibu baba yako.

Babu yako alipokwenda msikitini, yeye akaifunga. Ukaidi huu mliurithi kwa nani sijui, mimi sinao.

Na kweli chuma ni kigumu kuliko shaba, nani anabisha? Lakini bahari haiulizi ugumu. Chuma kikikaa kimegusana na shaba ndani ya maji ya chumvi, kutu hukila chuma upesi, shaba ikabaki salama. Siku ya harusi, tukiwa karibu na mwamba, bolti ikakatika. Propela ikazama, injini ikawa inanguruma bure, na mkondo ukaanza kutusukuma mwambani. Mwanaidi anatapika ndani ya buibui jipya, mama analia, baba yako kaduwaa na spana mkononi. Mchuma janga hula na wa kwao, nasi tulikula.

Tulibeba upatu wa harusi, ile sahani ya shaba. Niliupiga mpaka mkono ukafa ganzi. Mlio wake ukawafikia wavuvi upande wa pili wa mwamba, wakaja wakatufunga kamba. Ungekuwa wa chuma ungelia kama debe, na leo ungemsikiliza nani?

Tuliporudishwa kwetu Bagamoyo, babu yako hakumpiga mtu. Alimwambia baba yako, "Nilikukataza au sikukukataza?" Basi. Mpaka leo baba yako akisikia upatu harusini hutoka nje.

Na wewe kesho unabeba watu, unanambia ya shaba haipatikani! Panda basi, katafute Dar.

Mwanangu, kigumu si lazima kiwe ndicho kinachofaa. Tazama kwanza kitu kitakaa wapi, na kitakaa na nani. Na mkubwa akikukataza, muulize sababu kabla hujashika spana. Mwenyezi Mungu akuhifadhi, wewe na wote utakaowapakia, na akujaalie masikio.

Haya, nipe hiyo bolti.