Siku Tatu za Kumleta Dada Isansa

Dada yangu aliolewa ng'ambo ya mpaka, Nakonde, na huko ndiko alikofia. Ombi lake lilikuwa moja: azikwe Isansa, kando ya mama yetu. Alhamisi nikapeleka maombi ya kibali cha kuvusha mwili. Nikaambiwa siku tatu za kazi.

Mimi nimeishia darasa la tatu. Nilianza kwa kubeba magunia Tunduma, leo nina malori. Hesabu sikufundishwa na mtu. Nikakunja vidole: Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi. Mpakani kwetu malori yanavuka Jumapili kama Jumatatu. Siku kwangu ni siku. Nikautangazia ukoo: tunazika Jumamosi jioni.

Binti yangu anaandika programu za kompyuta. Moja aliitengenezea ofisi yangu, inakadiria vibali vya mizigo vitatoka lini. Akaifungua mbele yangu.

"Baba, ni Jumanne."

"Nani kasema?"

"Nimeiandika ianze kuhesabu kesho yake, siku moja moja. Ikikuta Jumamosi au Jumapili inaruka. Ijumaa moja, Jumatatu mbili, Jumanne tatu."

"Mama, hicho kidude chako kimewahi kufiwa?"

Akafunga kompyuta.

Jumamosi vijana walichimba tangu asubuhi. Mchana shemeji yangu akapiga simu kutoka Nakonde: ofisi ya vibali imefungwa mpaka Jumatatu.

Kwetu kaburi likishachimbwa halilali wazi. Likilala wazi, linatafuta mtu mwingine. Watu wakaacha kula. Mdogo wangu akanifuata hadi pale ukingoni.

"Kaka, hili shimo umetuchimbisha la nani?"

Wazee wakaagiza shina la mgomba, likalazwa chini badala ya maiti, udongo ukarudishwa. Wanawake wakaanza kulia upya, na kilio cha safari hii kilikuwa cha woga.

Nikasimama mbele ya ukoo na wakwe. Nikasema, "Ofisi haina kosa. Binti yangu aliniambia Jumanne, nikamdharau. Nimehesabu vibaya mimi." Maneno hayo sikuwahi kuyasema mbele ya watu, na sikuyatafutia sukari.

Dada alifika Jumanne alasiri. Hakuna aliyegusa jembe mpaka gari liliposimama uani. Jembe nikalishika mimi. Vijana walitaka kunipokea, nikawakatalia. Nilichimba mpaka nikaufikia ule mgomba, mgongo ukagoma, ndipo wakanivuta juu. Wakautoa, wakamalizia kina, tukamlaza dada kando ya mama.