Bahasha ya Arvid Skogen

Simu ililia Jumatatu saa tisa alasiri, Verna akiwa anamenya viazi vya chakula cha watu wa kituo cha kura. Aliipokea kwa mkono uliolowa. Muuguzi wa hospitali alimwuliza kama amekaa. Verna akasema hajakaa, ana kazi.

"Basi pole sana, mama. Kaka yako Arvid ametutoka. Alilala baada ya chakula cha mchana, hakuamka tena."

Verna alishukuru, akarudi kwenye viazi. Akamenya viwili, kisha akaona kisu kinapita juu ya kiazi kilichokwisha kumenywa. Alitaka kusali ameketi, lakini kila alipoketi miguu ilimwinua, basi akasali amesimama kwenye karo.

Jioni alikwenda na mchungaji kumwona marehemu. Akapewa karatasi ya hospitali, akaikunja ndani ya mkoba. Hakumwambia mtu mwingine. Kesho yake ilikuwa siku ya uchaguzi, na yeye alikuwa msimamizi wa upande wa Democrat pale kituo cha Vang Creek. Meza ya kituo ilitaka wasimamizi wa vyama vyote viwili, na wa kumshikia nafasi hakuwepo. Tena angebaki nyumbani afanye nini?

Arvid alikuwa na miaka themanini na mmoja, na hakuwahi kuoa. Katika shamba la baba yao alifuga ng'ombe wa maziwa thelathini na wanane, kila mmoja na jina lake, akiwakamua alfajiri hata siku ya Krismasi. Alikuwa Republican kama baba yao. Verna alifuata upande wa mama. Kwa zaidi ya miaka arobaini, kila uchaguzi, Arvid alimpitia na pikapu lake.

"Panda, bibie, nikaifute kura yako."

"Mimi ndiye ninayeifuta yako!"

"Basi tubaki nyumbani, tuokoe mafuta."

"Nikuamini wewe? Nikigeuka tu, utakimbilia kituoni kwa miguu."

Wakishapiga kura walishuka chumba cha chini cha kanisa kula pai ya tufaha. Kura moja huku, moja kule: mmoja kamfuta mwenziwe, na wote wameshiba.

Kisha bei ya maziwa ikaanguka, Arvid akauza ng'ombe wote kwa siku moja. Zizi likanyamaza, televisheni ikaanza kusema. Ilisema toka asubuhi mpaka anapolala, kituo kile kile kimoja, naye akiijibu kama alivyokuwa akisema na ng'ombe wake. Verna alikuwa na redio yake jikoni, nayo haikuwa na nafuu. Miaka sita iliyopita, Siku ya Shukrani, bata mzinga akiwa mezani, Verna aliizima ile televisheni.

"Iwashe," Arvid akasema.

"Tunataka kuomba, Arvid."

"Unaogopa nisisikie ukweli."

"Ukweli gani? Mtu yule analipwa akukasirishe!"

"Na wa kwako analipwa na nani, malaika?"

Akachukua kofia yake, akaondoka kabla ya pai. Tangu hapo waliongea habari za mvua na za kanisa basi, na siku ya kura kila mmoja alikwenda na gari lake.

Ikawa hivyo hadi mwezi uliopita. Moyo wa Arvid ulikuwa umechoka, miguu imevimba, akaomba kupiga kura kwa posta. Katika jimbo lao la Wisconsin lazima shahidi amwone mpiga kura akijaza karatasi, kisha shahidi huyo atie saini kwenye bahasha. Jirani angetosha kwa kazi hiyo. Arvid akamwita Verna. Alijaza huku ameikinga karatasi kwa mkono kama mwanafunzi kwenye mtihani.

"Usichungulie."

"Nichungulie nini? Naijua tangu vita vya Vietnam."

Arvid alicheka mpaka akakohoa. Akamsogezea bahasha. "Tia saini hapo, dada mdogo. Bila jina lako, langu halihesabiwi."

Verna alikuwa amefika nusu ya njia ya kurudi kwake alipokumbuka kwamba televisheni ilikuwa imezimwa.

Sasa, Jumanne asubuhi, alinyanyua mkono wa kuume pamoja na wenzake, akaapa kuitii sheria ya uchaguzi, Mungu amsaidie. Mwenzake wa upande wa pili alikuwa Milo Krummel, aliyecheza karata na Arvid miaka thelathini.

"Arvid hajambo?" Milo aliuliza.

Verna akajifanya anahesabu kalamu.

Bahasha za posta zilikuwa ndani ya sanduku, zikisubiri watu wapungue. Kila jina husomwa kwa sauti kabla ya bahasha kufunguliwa, ili mwenye pingamizi aseme. Na mtu aliyetuma kura kisha akafa kabla ya siku ya uchaguzi, ikithibitika, kura yake huwekwa kando. Verna mwenyewe ndiye aliyekuwa akiwafundisha wasimamizi wapya sheria hiyo. Alifuta meza iliyokuwa safi. Alikwenda msalani mara tatu. Akisema, ataiua kura ya mwisho ya kaka yake, na chama chake yeye ndicho kitakachofaidi. Akinyamaza, kiapo chake cha asubuhi kitakuwa cha uongo mbele za Mungu.

Saa nane mchana mkuu wa kituo, Marlys, alianza kusoma.

"Skogen, Arvid."

"Mzee wetu huyo!" Milo akasema. "Fungua, fungua."

"Usifungue," Verna akasema. "Arvid amefariki. Jana mchana."

Milo akamgeukia. "Jana? Na asubuhi nimekuuliza!"

"Najua."

Marlys akainama karibu naye. "Verna, sheria inataka uthibitisho. Kama huna karatasi, mimi nitaendelea kusoma majina."

Mlango wa kunyamaza ulikuwa wazi kabisa. Verna alitia mkono kwenye mkoba, akautoa, akautia tena. Akaikunjua karatasi ya hospitali juu ya meza.

"Hongereni," Milo akasema. "Mmepata kura moja ya bure."

Marlys aliandika "marehemu" juu ya bahasha, karibu na saini ya Verna, akaitia kwenye mfuko wa zilizokataliwa.

Verna mwenyewe alikuwa bado hajapiga kura. Saa kumi aliinuka na kalamu, akafika kwenye kibanda, akarudi. Saa kumi na moja akafanya vilevile. Aliomba aoneshwe la kufanya, hakuoneshwa kitu. Ilipobaki dakika tano kufika saa mbili usiku, saa ya kufunga, Marlys akamwita.

"Verna, umebaki wewe."

"Sipigi."

"Una nini wewe?" Milo akasema. "Tangu nikujue hujakosa hata mara moja."

"Hayupo wa kuifuta."

Milo alivua miwani, akaifuta muda mrefu. "Arvid angekutukana kwa hilo."

"Angenitukana, halafu angecheka."

Marlys akatangaza kwamba upigaji kura umefungwa, akafunga mlango.

Kiti chao katika bunge la jimbo kilikwenda kwa Republican kwa tofauti ya kura mia mbili na kumi na tisa. Mwanamke mmoja wa chama chake alimpigia Verna simu kumlaumu kwa kutopiga kura, naye Verna akamsikiliza mpaka mwisho. Mpaka leo Verna hana hakika kama alifanya sawa.

Arvid alizikwa Jumamosi saa tano asubuhi. Walikuja watu kama sitini. Mchungaji alisoma zaburi, wakaimba nyimbo mbili, na wanaume sita wakabeba jeneza hadi makaburini nyuma ya kanisa. Milo alikuwa wa mbele kushoto, aliomba mwenyewe. Upepo ulikuwa mkali. Jeneza liliteremshwa kando ya baba na mama. Verna alitupa udongo, akasema, "Kwaheri, kaka. Mungu akupokee." Alisimama pale mpaka kaburi likajaa. Milo alikuwa akimngoja langoni. Walishuka pamoja chumba cha chini cha kanisa, wakapewa kahawa na pai ya tufaha, wakala.