Jiwe la Visigino Mbele ya Prefe

Tulipokimbia Kibati tulibeba sufuria, magodoro na mbuzi mmoja mkaidi. Buletini zangu, karatasi za alama za shule, zikabaki ndani ya sanduku, chini ya kitanda. Basi prefe, mkuu wa sekondari moja ya Himbi, aliponiuliza nimefika darasa gani, sikuwa na kitu cha kumwonyesha isipokuwa mdomo. Akasema atanipa maswali ya kemia na fizikia. Nikiyaweza, naingia la tano. Nikishindwa, narudi la nne, aliko mdogo wangu.

Mdogo wangu huyo alikimbia vita na mfuko wake mgongoni, buletini ndani, na hakuacha kunikumbusha. "Yaya, mkubwa wangu, nimekwisha kukupangusia kiti. Utakaa na mimi kwa dirisha." Nilicheka kwa meno tu, moyoni nachemka. Afadhali niuze makala ya kupikia barabarani kuliko kukaa kiti kimoja na yeye.

Siku ikafika. Swali la kemia halikunisumbua. Halafu prefe akatoka uani, akaokota jiwe jeusi, akaliweka mezani pamoja na mizani na chupa ndefu ya kioo yenye mistari ya kupimia maji, kila mstari santimita moja ya ujazo. Alitaka densite: gramu ngapi kwa kila santimita moja ya ujazo.

Mizani ikasema gramu hamsini na nane. Nikalitumbukiza jiwe, maji yakapanda mistari arobaini. Nikagawanya, nikapata moja nukta nne tano, nikaanza kujisifu kimoyomoyo. Kumbe jiwe lilikuwa halijamaliza mambo yake. Vipovu vikatoka, vikazidi kutoka, na maji yakawa yanashuka polepole mpaka yakabaki yamepanda mistari ishirini na tisa tu. Nikagawanya tena: mbili kamili.

Nikatazama majibu yangu mawili yanayogombana. Kisha nikamkumbuka mama. Jiwe kama lile ndilo anasugulia visigino, na kila akilichovya kwenye beseni linatoa vipovu namna ile ile. Kicheko kikaniponyoka.

"Unacheka nini, mutoto?"

"Muzee, jiwe hili la volkano liko na matundu. Mwanzo nimelipima pamoja na hewa yake. Sasa maji yameingia. Unataka jibu gani?"

Prefe, aliyekulia Butembo mbali na mawe yetu, akainama hadi pua ikakaribia kioo, akangoja kipovu cha mwisho kitoke. "Andika yote mbili," akasema, "na sababu yake." Nilipomaliza, akachukua kalamu yake na kuandika juu ya karatasi yangu: la tano.

Njia nzima nilikuwa napanga maneno makali ya kumtupia mdogo wangu. Nilimkuta kwenye mlango. Nilipomwambia tu, akakaa chini palepale akalia, machozi na kicheko pamoja, na mimi nikainama kumwinua.

"Mwache," mama akasema. "Kila asubuhi anakuombea kwa Mungu, asikuone ndani ya darasa lake."